Bendera ya Ng'ambo ya Mto

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika kwenye kiwanda cha chai nikiwa nimevaa viatu vya kuazima. Viatu vilikuwa namba tisa na miguu yangu ni namba saba, kwa hiyo mbele nilikuwa nimejaza magazeti. Ofisa wa Majani, ambaye ndiye aliyekuwa mkubwa wa makarani wote wa vituo vya kununulia majani, alinitazama nikikokota miguu kutoka mlangoni hadi mezani kwake.

"Kijana, unaweza kuhesabu?"

"Ndiyo, bwana."

Akachota konzi moja ya majani mabichi kwenye gunia, akaimwaga mezani. "Mazuri huku, mabaya huku."

Nikahesabu. Nilipomaliza nikayachanganya tena, nikahesabu upya.

"Mbona mara mbili?"

"Ya kwanza ni yako, bwana. Ya pili ni yangu."

Kazi nikapata. Nimekuwa na tabia hiyo maisha yangu yote, na kwa muda mrefu niliidhania kuwa ni busara.

Ninyi mnaoanza kazi sasa mmezoea mizani ya umeme, na kilo zikishapimwa mkulima anaziona kwenye simu kabla hajafunga kikapu. Zamani karani alikuwa na vitu vitatu: mizani ya saa iliyoning'inia kwenye boriti, daftari, na macho. Macho ndiyo yaliyokuwa kazi yenyewe. Jani zuri ni majani mawili na chipukizi lake. La tatu likiwa bado laini, tunavumilia. Jani lililokomaa, lile linalovunjika kwa kelele kama biskuti, hilo ni la mbuzi. Katikati kuna banji, yaani chipukizi lililolala likakataa kukua. Likiwa laini linapita, likiwa gumu linarudi nyumbani na mwenyewe.

Mwaka wa kwanza niliwekwa ndani ya kiwanda, kwenye trafu za kunyaushia. Hivyo ni vitanda virefu vyenye feni chini, majani hulazwa hapo usiku kucha yapoteze maji. Hapo ndipo nilipojionea gunia moja la majani magumu likiharibu trafu nzima. Ofisa wa Majani alinishika bega siku moja akanionyesha. "Jani halina mama," akasema. "Mtu akikuletea, usiangalie uso wake. Ukiangalia uso, utanunua uso, na uso haupikiki chai."

Niliyashika maneno hayo kama Mkristo anavyoshika amri, na kama Wakristo wengi, nilishika yale yaliyonifaa.

Mwaka wa pili nikatumwa Kapsirgoi kuwa karani wa kituo. Kilikuwa kibanda cha mabati kilicho wazi pande tatu, na ndani yake meza ndefu ya mbao ya kuchambulia majani. Chini ya kituo kulikuwa na mto mdogo, daraja la magogo, na ng'ambo, upande wa Bomet, kituo kingine kama chetu, kinaitwa Tabarit. Kiwanda ni kimoja, lori ni moja. Lori lilianza kwao, likazunguka kwa barabara ya juu, likamalizia kwetu.

Karani wa Tabarit alikuwa Wesley. Mimi na Wesley tulitahiriwa pamoja, tukakaa kibanda kimoja hadi tulipotoka tukiwa wanaume. Watu wa namna hiyo hawaitani kwa jina. Wanaitana botum, na neno hilo lina uzito kuliko ndugu, kwa sababu ndugu hukumchagua na wala hamkulia pamoja mkiogopa kusikika.

Basi tukawa makarani wawili, botum wawili, na mto katikati. Tungezeeka hivyo kwa amani kama Meneja wa Kiwanda asingeleta bendera.

Meneja huyo alikuwa mtu mfupi, aliongea kama anayelipia kila neno. Alituita makarani wote, akainua kitambaa cha kijani kilichoshonewa jani la njano katikati. "Kila mwezi," akasema, "kituo chenye majani bora kitapeperusha hii. Wengine wataiangalia." Akaketi. Hakukuwa na bahasha wala zawadi, kitambaa tu. Ukitaka kumjua mtu kwa bei rahisi, mwekee kitambaa mbele, umwambie ni cha mmoja.

Mwezi wa kwanza kikaenda Tabarit. Mwezi wa pili, Tabarit. Asubuhi nikifungua kituo, kitu cha kwanza kuona ni kijani kikicheza ng'ambo, na sauti ya Wesley ikivuka mto.

"Botum! Umeamka? Au umekuja kunisaidia kuangalia bendera?"

"Ioshe! Imefifia!"

"Imefifia kwa sababu ya kuangaliwa sana!"

Wakulima walicheka pande zote mbili. Nami nilicheka. Siwezi kusema miaka ile ilikuwa mibaya. Kwa sababu ya Wesley nilikuwa nikifika kituoni kabla ya umande kukauka. Kwa sababu yake nilianza kutembelea mashamba, kuwaonyesha watu jinsi ya kuweka fito juu ya meza ya chai, ule usawa wa juu wa michai, ili wachume tu kile kilichopita fito. Mara moja moja bendera ilivuka ikaja kwangu, na siku hiyo Wesley alikuja mwenyewe kuileta, akiwa ameikunja chini ya kwapa kama Biblia. "Itunze," alisema. "Nitaifuata mwisho wa mwezi." Aliifuata kweli.

Nikaamua kushinda kwa nguvu. Njia yangu ilikuwa kukataa. Kikapu kikija na majani magumu kidogo, sikumruhusu mwenyewe akae mezani achambue, maana hapo ndipo watu hurudisha mabaya chini ya mazuri. Nilisema, "Rudi nayo, kamwage." Walilalamika, wakazoea, au nilidhani wamezoea.

Aliyerudishwa zaidi ya wote alikuwa Bot Chebet, maana yake mama yake Chebet. Alikuwa mjane. Shamba lake lilikuwa hapo chini, kati ya kituo na mto, na mgongo wake ulikuwa mbovu. Mwenye mgongo mbovu huchelewa kuzunguka shamba, na jani halimngojei mtu, linakomaa. Alikuwa akisimama mbele yangu na kikapu bila ugomvi wowote.

"Karani, leo hata kidogo?"

"Mama, hii ni kuni."

"Si tuchague basi, hii laini ibaki?"

"Lori linakuja."

"Haya. Mungu akuwekee macho yako," angesema, na hadi leo sijui kama alikuwa akinibariki.

Sasa, kikapu kilichokataliwa kinapaswa kurudi shambani kwa mwenyewe. Siku moja nikaona cha Bot Chebet kinapita shamba lake, kinashuka hadi darajani. Nikaangalia vingine. Vilivyoshuka vilikuwa saba. Kesho yake nikahesabu tena: saba, na cha nane kikiwa njiani.

Nikavuka daraja, kisingizio changu kikiwa kuazima magunia. Nilimkuta Wesley ameketi kwenye benchi ya kuchambulia katikati ya kina mama, mikono ya shati imekunjwa, anachambua kikapu cha Bot Chebet jani kwa jani. Wanacheka. Mabaya yako chini ya miguu yao kama zulia. Mazuri, jamani, yalikuwa mazuri kuliko yangu yote.

"Botum!" akaniita bila aibu. "Njoo uketi, mikono haitoshi."

"Nimekuja kuchukua magunia."

"Chukua. Na hawa wako pia nitakurudishia jioni, nimewaazima tu."

Kina mama wakapiga kelele za kicheko. Nilichukua magunia mawili, nikarudi, nikaketi kwenye kituo kisicho na mtu. Kumbe majani niliyokuwa nikiyatupa ndiyo yaliyokuwa yakipeperusha ile bendera.

Sheria ilikuwa wazi: mkulima apeleke majani kituo alichoandikishwa, kwa namba yake. Wesley hakuweza kuwaandika watu wangu kwa namba zao, kwa hiyo aliyaandika majani yao kwa namba ya mke wake, na mwezi ukiisha alimpa kila mmoja haki yake. Hakuna aliyewahi kupunjwa. Nilikuja kuulizia hilo baadaye, mara mbili. Lakini kwenye karatasi, jambo kama hilo lina jina baya.

Nikaandika barua kwa Ofisa wa Majani. Ilikuwa fupi sana. Niliomba jina langu lisitajwe, kwa ajili ya amani ya ujirani, nilivyosema. Na kwa sababu Ofisa alipenda mifano, nikaweka namba moja ya mkulima, ya Bot Chebet, kwa kuwa ndiyo niliyokuwa nimeizoea zaidi.

Wakamwita mama huyo kiwandani. Mimi nikaitwa pia kama karani wake, nisimame ukutani. Bot Chebet alikuwa amevaa nguo ya kanisani na kitambaa cheupe kichwani, akidhani ameitiwa jambo jema.

Ofisa wa Majani akamuuliza, "Mama, karani wa Tabarit hupokea majani yako?"

"Anapokea."

"Na unajua hapo si kituo chako?"

"Najua. Huku kwangu yalikuwa yanamwagwa." Hakunitazama aliposema hivyo. "Lakini yule anaketi chini na sisi, anachagua kwa mkono wake. Andikeni hiyo pia. Mtu kama huyo mnafaa kumpandisha cheo."

Ofisa akaandika. Kalamu yake ilikuwa na sauti.

Wesley alikuwa nje kwenye benchi, akingoja zamu yake. Nilikuwa mlangoni nikamsikia Bot Chebet akimwambia akitoka, amefurahi, "Wesley, nimewaambia yote vile unatusaidia." Wesley akamwangalia. Sikuwahi kuona uso wa mtu ukifungwa hivyo, kama duka. Akaingia ndani, na alipotoka hakuwa karani tena.

Hapo ningesema. Ilikuwa hatua nne kutoka mlangoni hadi kwenye benchi ile. Nilizihesabu.

Habari ikatembea kwamba Bot Chebet ndiye aliyekwenda kumchongea Wesley kiwandani. Wale kina mama wengine saba walikuwa wamepoteza mahali pa kuchambulia, wakataka mtu wa kubeba lawama, na Bot Chebet alikuwepo. Walikuwa na kikundi chao cha kuchumiana kwa zamu, leo shamba la huyu, kesho la yule. Sisi huita kushirikiana huko kipagenge. Wakamruka zamu. Kisha wakamruka tena. Alijitetea kwamba aliitwa, hakwenda mwenyewe. Wakamuuliza, nani mwingine alijua? Mwenye jibu alikuwa mita mia moja juu yake, anapima majani.

Chai isipochumwa huwa miti. Vijana wengi hawajui hilo, kwa sababu wameiona tu ikiwa imekatwa usawa wa kiuno. Mwaka wa kwanza inakupita kichwa. Mwaka wa tatu inatoa maua meupe, halafu mbegu, ndege wanaanza kujenga. Bot Chebet alijaribu peke yake, mgongo ukakataa. Nikawa nafungua kituo asubuhi, na hapo chini, kati yangu na mto, nikaona msitu ukipanda mwaka hata mwaka, mpaka ukaziba Tabarit nisiione.

Bendera ilikuja kwangu mwezi uleule, na mwezi uliofuata, na uliofuata. Karani mpya wa ng'ambo hakuwa na habari nayo. Niliipandisha, nikaishusha, hakuna aliyepiga kelele. Nikaanza kuchelewa kufungua. Nikaacha kwenda mashambani na fito. Majani yangu yakawa ya kawaida, na bado nilishinda, kwa kuwa hakuna aliyekuwa akishindana. Meneja mwingine alipokuja akauliza kile kitambaa ni cha nini, na sikuweza kumweleza. Niliishia kukifutia mizani.

Nilihamishwa vituo vingine viwili, nikarudishwa Kapsirgoi, nikastaafu nikiwa hapo. Walinipa chupa ya chai na cheti. Meneja wa Kiwanda wa wakati huo alisoma hotuba kwamba katika utumishi wangu wote daftari langu halikuwahi kukosea hata kilo moja. Ilikuwa kweli. Watu walipiga makofi.

Nilipokaa nyumbani, niliamua kwenda kusema. Wesley alikuwa amewahi kushuka Soin kuuza mahindi, akarudi na goti bovu. Alikuwa kwake ng'ambo, akifuga ng'ombe wawili. Nikapanga maneno. Nikafika darajani, nikasimama, nikajiambia, hebu hesabu tena. Nani atafaidika? Nani ataumia? Bot Chebet ni mzee, ameshazoea. Wesley ni mzee, ameshasahau. Nikarudi. Baada ya mavuno nikaenda tena mpaka darajani, hesabu ikatoka ileile, nikarudi niihakikishe.

Nikiwa bado nahakikisha, Bot Chebet akafa.

Alizikwa pembeni mwa ile michai iliyokuwa miti. Chebet, binti yake mwenye duka Kapsoit, alikuja na watu wachache. Nilimtafuta Wesley kati ya waombolezaji. Hakuwepo. Nilimtafuta mara ya pili, kisha nikavuka daraja bila kusimama, ingawa sasa hakukuwa na haraka yoyote.

Nilimkuta anapukuchua mahindi uani.

"Botum, keti."

"Nitasimama. Ile barua ya kiwandani niliandika mimi."

"Barua gani?"

"Ya kukufukuzisha. Bot Chebet aliitwa kwa sababu niliandika namba yake. Yeye hakujua kitu. Alidhani anakusifu."

Aliendelea kupukuchua mpaka gunzi likaisha. Akaliweka chini polepole.

"Kwa nini?"

"Bendera."

"Bendera," akasema. "Si ungeniambia. Mke wangu ana cherehani."

Sikucheka, naye hakuwa akichekesha.

"Habari ya kazi wacha," akasema. "Mimi na wewe tulikuwa tunashindana. Mmoja lazima aanguke, na hata mimi nilikuwa nakuibia watu nikijua. Ungekuja hapa kuniambia umeniangusha, ningekupa maziwa, yangeisha. Lakini yule mama hakuwa kwa hayo mashindano. Yeye alileta majani tu. Na wewe umenifanya mimi nimchukie. Ananisalimia chamgei njiani, mimi naangalia ng'ombe. Miaka yote hiyo. Hata leo kwa mazishi sikuenda. Uliniona?"

"Sikukuona."

"Ulihesabu mara mbili?"

"Ndiyo."

"Enda nyumbani, botum."

Nimefikiri sana juu ya mashindano tangu siku hiyo, na haya ndiyo niliyo nayo. Mshindani wako wa kweli anakuamsha mapema. Anakufanya ujue kazi yako kuliko ambavyo ungeijua, na kwa hilo una deni kwake, hata akushinde kila mwezi. Akikushinda, angalia mikono yake anafanya nini, uketi karibu naye kwenye benchi ujifunze. Wesley aliniita niketi, mbele ya watu, na nafasi ilikuwepo. Nilichukua magunia.

Wiki mbili baada ya mazishi nilisikia panga chini ya kituo. Wesley, na goti lake lile, kwa ruhusa ya Chebet, alikuwa ameingia kwenye michai ya Bot Chebet na kuanza kuikata kutoka upande wa mtoni, shina kwa shina, chini kabisa, kama inavyotakiwa kupogolewa chai iliyokuwa mti. Nikachukua panga langu nikashuka. Aliniona nikija.

"Hii hapana," akasema. "Hii ni yangu peke yangu."

Nikarudi juu. Ilimchukua karibu miezi miwili. Kila asubuhi nilikaa kwenye benchi ya kituo na chupa yangu ya kustaafu, nikisikia panga, na msitu ukipungua mstari kwa mstari, mpaka siku moja nikaiona tena Tabarit.

Shina la chai halina kinyongo. Lilianza kuchipua. Wesley alingoja, akasawazisha meza kwa fito, akangoja tena. Kisha juzi, wakati nimekaa pale kituoni kama kawaida yangu, nikamwona anapanda njia na kikapu mgongoni. Hakwenda Tabarit. Alikuja kwangu, yaani kwa karani wa sasa, binti mwenye mizani yake ya umeme.

Alipita mbele yangu, akasimama. Akachota konzi moja, akaiweka kwenye benchi kando yangu. Tangu siku ile ya mahindi hatukuwa tumesemezana ila lile neno la kunifukuza kwenye michai.

"Hesabu."

Nikahesabu. Majani mawili na chipukizi. Majani mawili na chipukizi. Hakukuwa na baya hata moja. Nilipomaliza alibaki amesimama, akingoja, kwa kuwa ananijua tangu tukiwa wavulana.

"Mara moja inatosha," nikasema.

Akayakusanya yote kwa mikono miwili, asiache hata moja kwenye benchi, akayarudisha kikapuni. Kisha akageukia mizani.

"Andika kwa namba ya Bot Chebet," akamwambia karani. "Namba yake mwenyewe."